Jani Lenye Vidole Vitano



Mpendwa kijana mwenzangu, leo nakusimulia habari ya mmea ulioota kwenye bustani yetu ya kigango bila kupandwa na mtu. Ni habari ndogo tu, ya mboga na samadi. Ila imenipeleka kwenye kitubio, imenisimamisha mlangoni kwa mama mmoja ambaye nusura asinikaribishe, na mpaka leo kuna nafasi kwenye kwaya yetu ambayo nikiitazama nainamisha kichwa. Nimechelewa kuiandika kwa sababu kila nikianza najikuta najitetea. Safari hii nitajitahidi nisijitetee.

Kigango chetu kiko mkoani Shinyanga. Padre hufika mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine tunasali ibada na katekista. Sisi vijana tulipewa kipande cha ardhi nyuma ya kanisa ili tulime mboga, tuuze, tupate nauli ya kwenda hija. Tukatengeneza matuta, tukasia mchicha na chainizi, tukapanda nyanya kidogo. Mzee mmoja mfugaji alitupa samadi ya bure kutoka zizini kwake, tukaisomba kwa mkokoteni kutwa nzima huku tukiimba. Mvua za Desemba ziliposhuka, mchicha ukakubali vizuri mno. Na katikati ya mchicha, na zaidi kule kando ya uzio, kukaota kitu ambacho hakuna aliyekipanda.

Nikueleze kilivyokuwa, maana kila kitu kinaanzia hapo. Kilikuwa kimea cha urefu wa kiganja na nusu. Jani lake limegawanyika vidole vitano vinavyotoka sehemu moja, kama mkono uliofunguliwa. Shina lina vinyweleo, ukilishika linanatanata kidogo. Ukisugua jani kati ya vidole linatoa harufu kali, na harufu yenyewe haitoki haraka.

Mimi nimelelewa mjini kwa mjomba mpaka nimemaliza kidato cha sita. Mboga nazijua zikiwa zimefungwa mafungu sokoni. Jani la vidole namna ile nilikuwa nimeliona sehemu moja tu: kwenye fulana, kwenye kofia na kwenye stika za bajaji. Jani la bangi.

Sasa ongeza na hili. Kuna kaka yetu mmoja, mpiga ngoma wa kwaya. Jina lake silitaji hapa. Nimeshalitaja vya kutosha. Aliwahi kuishi mjini miaka miwili, mambo yakamharibikia, akavuta bangi, akarudi nyumbani amekonda. Hakuficha. Alisimama mwenyewe mbele ya jumuiya akaomba tumwombee. Alikuwa na miezi minane tangu arudi kanisani. Mwezi wa kwanza mvua zilipokatika na jua likawaka, sisi wengine tulichoka kubeba maji. Yeye hakuchoka. Jioni nyingi ulikuwa unamkuta peke yake na ndoo. Na alikuwa anamwagilia mpaka kule kando ya uzio, ambako hatukupanda kitu.

Kichwani mwangu hesabu ikajikamilisha yenyewe.

Nilitaka uhakika, kwa hiyo nikatoa simu. Kuna programu ya kutambua mimea: unapiga picha, inakuletea majina na asilimia. Ikaniletea majina matatu. La kwanza lilikuwa la Kilatini, refu, sikulielewa, nikalipita. La pili lilikuwa bangi, kwa asilimia ndogo kuliko la kwanza. La tatu sikulisoma hata kidogo. Nimeshasema sijitetei: simu haikunidanganya. Mimi ndiye niliyejichagulia jibu.

Nikafungua grupu la WhatsApp la vijana. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo ujumbe wangu huwa unasomwa. Nikaweka picha, nikaandika hivi: “Wapendwa, kuna mtu anatulimia bangi kwenye bustani ya Kanisa. Wote tunajua nani anamwagilia kule jioni. Tusali.”

Lile neno “tusali” ndilo linalonitia aibu kuliko mengine yote.

Grupu lina watu arobaini na mmoja. Kabla ya saa tatu usiku ujumbe ulikuwa umeshafika kwa mama yake. Asubuhi vijana watatu walikwenda na majembe, wakang'oa ile mimea kwa hasira, wakang'oa na mchicha uliokuwa umesongamana nayo, tuta zima na nusu ya lingine. Mizigo yote wakaitumbukiza chooni kwa hofu ya polisi, maana kila mtu anajua kulima bangi nchini kwetu ni kifungo cha miaka mingi. Mchana mwenyekiti wa kitongoji akaja kuuliza kinachoendelea. Na kwenye simu yangu kukawa na mstari mmoja mdogo wa rangi ya kijivu: kaka yetu ameondoka kwenye grupu.

Jumapili hakuja. Kwaya ikaimba bila ngoma. Nami, nakwambia ukweli wangu wote, nikasema moyoni: si unaona, mwenye hatia hukimbia.

Zikapita kama wiki tatu. Jumamosi moja ilikuwa zamu yangu kufagia kanisa. Nikatoka nje kumwaga takataka, nikamwona bibi mmoja wa jumuiya yetu ameinama kule pembeni kabisa, nyuma ya rundo la mawe. Kumbe mashina manne yalikuwa yamesalia, yamerefuka mpaka kiunoni, yametoa maua. Bibi alikuwa anachuma majani anayatia kwenye khanga.

Nikakimbia. “Bibi shikamoo! Bibi, acha hiyo!”

“Marahaba. Niache nini?”

“Hiyo ni bangi, bibi!”

Akanitazama. Akalitazama jani lililokuwa mkononi. Halafu akacheka mpaka akakaa juu ya jiwe, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. “Mjukuu wangu, mimi miaka themanini hiyo inanukia. Kama hii ni bangi, basi nimekula bangi na ugali tangu sijaota meno.”

Ulikuwa mgagani.

Bibi hakuishia kucheka. Alinikalisha chini akanifundisha kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. Shika ukingo wa jani: laini. La bangi lina meno kama msumeno pande zote, na vidole vyake ni vyembamba vyenye ncha, wakati vya mgagani vina tumbo katikati. Tazama ua: petali nne nyeupe, na nyuzi ndefu za zambarau zimechomoza mbele kama masharubu ya paka, bangi haina ua la hivyo. Tazama chini ya ua: vitumba vyembamba virefu kama maharagwe machanga, vimesimama kila upande. Akakipasua kimoja kilichokauka, mbegu ndogo nyeusi zikamwagika kwenye kiganja chake. Akaniambia unapikwa vipi: unachemsha kwanza kwa sababu ni mchungu, kisha unaunga kwa karanga au maziwa. Ukiwa mwingi unaanikwa juani, unakaa mpaka kiangazi, wakati bustani zote zimekauka na watu wa mjini kama mimi wanalalamika hakuna mboga.

“Uliutazama lini?” akaniuliza.

“Mwezi wa kwanza, bibi.”

“Ulikuwa bado mtoto. Mmea ukiwa mtoto unafanana na kila mtu. Ungengoja utoe ua.”

Na ulifikaje bustanini? Akaninyooshea kidole kwenye rundo la samadi lililobaki. Mgagani unapenda mazizi. Ng'ombe wa yule mzee walituletea mbegu, na sisi wenyewe tuliisomba kwa mkokoteni huku tunaimba.

Usiku nikafungua tena ile picha kwenye simu, nikasoma jina la kwanza, lile la Kilatini nililolipita: Cleome gynandra. Ndilo jina la mgagani kwenye vitabu vya wataalamu wa mimea. Lilikuwa pale tangu siku ya kwanza, tena juu kabisa.

Lakini nisimalize ya bibi. Kabla hajaondoka, alisimama langoni. Pale kulikuwa na mmea tuliouacha uote kwa sababu una maua meupe marefu kama tarumbeta. Akina dada wa kwaya walishapanga kuyatumia kupamba altare. “Na huu mnaupenda?” Nikasema tunaupenda, bibi. Akainua jani moja akanionyesha tunda la duara lenye miiba. “Huu ni mnanaha. Ng'oeni leo, na mnawe mikono. Watoto wasiziguse mbegu zake.”

Mnanaha ni sumu, ndugu yangu. Mtu akila mbegu zake kinywa kinakauka, mboni za macho zinapanuka, anaweweseka, anaona visivyokuwapo, na anaweza kufa. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, mamia ya watu waliugua na watano wakafariki baada ya kula chakula cha lishe cha msaada. Wachunguzi walikuta ndani yake sumu ya mbegu za mmea wa jamii hiyo hiyo, zilizochanganyika na nafaka. Watu waliopika hawakuwa na kosa. Mbegu ni ndogo, na ikishasagwa hakuna jicho linaloiona.

Kwa hiyo hesabu ya bustani yetu ilikuwa hivi: chakula tumekitumbukiza chooni, na sumu tumeitengea nafasi altareni.

Nilirudi nyumbani nikafungua Injili ya Mathayo sura ya 13, ule mfano wa ngano na magugu. Nimeusikia tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, na siku zote nilidhani naujua. Adui anakuja usiku, anapanda magugu, basi, shetani mbaya. Safari hii nikasoma nikiwa na udongo kwenye kucha. Wanaofafanua Maandiko wanasema gugu linalotajwa pale ni nyasi fulani inayofanana mno na ngano ikiwa changa. Unazitofautisha zikishatoa masuke. Na Mathayo mwenyewe anaandika kwa uangalifu: ni wakati ngano ilipochanua na kuzaa ndipo magugu yakaonekana. Watumwa wanakwenda kwa bwana na swali zuri kabisa, twende tukayakusanye? Na bwana anawakatalia, kwa sababu watang'oa na ngano.

Hebu tazama ni nani anayeweza kuiharibu ngano kwenye mfano ule. Adui alipanda akaenda zake; ngano yenyewe iliendelea kukua. Hatari ya pili ingeletwa na watumishi wa nyumbani, wenye nia njema, wenye bidii, wenye majembe mkononi. Watu kama katibu wa vijana. Nikakumbuka lile tuta zima na nusu ya mchicha. Bwana wa shamba alikuwa anawajua watumwa wake.

Kuna mtu atasema, basi tusiseme lolote, kila kitu tukiache kiote tu. Hapana. Mnanaha tuling'oa siku ile ile, na mikono tukanawa. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, kina kisa ambacho vijana wengi hawakijui, na ni kisa cha mmea usiojulikana hasa. Kulikuwa na njaa Gilgali. Nabii Elisha akaagiza wanafunzi wa manabii wapikiwe. Mmoja wao akatoka kwenda kutafuta mboga porini, akaona mtambaazi wa mwituni, akachuma matunda yake akajaza nguo yake, akaja akayakatia kwenye sufuria. Maandiko yanasema wazi kwamba hawakuyajua. Walipoonja wakapiga kelele kwamba chunguni mna mauti. Elisha akaagiza unga, akautia chunguni, na chakula kikawa salama. Mungu alirehemu. Lakini njaa na haraka ndizo zilizochuma yale matunda, na hakuna aliyesimama kumuuliza mwenyeji wa pale: hivi hii kitu mnaiitaje?

Yule wa Gilgali alikosea kwa kuchuma asichokijua. Mimi nilikosea kwa kung'oa nisichokijua. Ukitupima, wote wawili tulikuwa na tatizo moja: hatukuuliza. Na mimi nilikuwa na akina bibi kumi na tano kwenye jumuiya, mita mia mbili kutoka bustanini. Nikaenda kuuliza simu, tena simu yenyewe nikaisikiliza nusu.

Bwana Yesu anapotufundisha jinsi ya kuwatambua manabii wa uongo, kwenye sura ya 7 ya Mathayo, anatupeleka kwenye matunda. Haongelei majani. Nimelifikiria sana hili. Jani ni kitu cha wiki moja tu tangu mbegu ipasuke. Tunda linataka muda, mvua, jua, subira. Yaani kipimo alichotupa Bwana ni kipimo ambacho hakitumiki kwa haraka. Ukikitumia kwa haraka umeshakiacha, unatumia chako. Na kaka yetu tayari alikuwa anazaa matunda mbele ya macho yangu: miezi minane, ndoo kila jioni, ungamo la wazi mbele ya watu. Nilikuwa nayaona. Nikayafanya kuwa ushahidi dhidi yake.

Na jambo jingine la zamani kuliko hilo. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, kinasema Mungu aliwaleta wanyama mbele ya Adamu aone atawaitaje. Aliwaleta mbele yake. Adamu alisimama ana kwa ana na kiumbe, akamtazama, ndipo akamtaja. Kutoa jina ni kazi tuliyopewa siku za mwanzo kabisa, nayo ina utaratibu wake. Mimi nilimpa mtu jina nikiwa nimekaa kitandani, mgongo umeegemea ukuta, kidole gumba kinacheza kwenye kioo. Kaka yetu ana jina la ubatizo. Kwa wiki tatu kitongoji kizima hakikulitumia.

Padre alipokuja mwezi ule nilikwenda kuungama. Yangu mwenyewe naweza kuyasimulia, kwa hiyo nasimulia. Nilianza kwa maneno ya jumla: nimesengenya, nimewaza vibaya. Padre akaniacha nimalize, kisha akauliza: “Ulisema au uliandika?” Niliandika. “Wapi?” Kwenye grupu. “Wako wangapi?” Arobaini na mmoja. Akanyamaza kidogo. Akaniambia Mungu anasamehe, lakini sala peke yake haitarudisha nilichochukua. Malipizi yangu yalikuwa mawili: niende kwake kwanza, uso kwa uso, kisha nirudi kwenye lile grupu lenyewe nikaseme kwa maandishi yaliyo wazi kama yale ya kwanza.

Ukitaka kusoma mwenyewe, Katekismu ya Kanisa Katoliki, chini ya Amri ya Nane, namba 2477, inatenganisha makosa matatu ambayo sisi huwa tunayaita yote umbeya: kumhukumu mtu kwa haraka, hata kimoyomoyo, bila msingi wa kutosha, kuyatoa makosa ya kweli ya mtu kwa wasioyajua bila sababu ya haki, na kumsingizia mtu uongo. Nilihesabu. Kwa ujumbe mmoja wa mistari mitatu nilikuwa nimeyafanya yote. Na namba 2487 inasema kila kosa dhidi ya haki na ukweli lina deni la kulipa, hata kama mkosaji ameshasamehewa. Namba hiyo sikuwahi kuisikia. Nadhani ni kwa sababu ni ngumu.

Nikaenda. Nilizunguka ile nyumba mara mbili kabla ya kupiga hodi. Mama yake akatoka.

“Shikamoo mama.”

Kimya. Kuku akapita katikati yetu.

“Marahaba,” akasema mwishowe. “Umekuja kutafuta bangi?”

Nilistahili. Nikapiga magoti pale pale nje nikamwambia yote, pamoja na simu na jina la kwanza nililolipita. Hakuniinua. Akaingia ndani, nikasikia anazungumza, kisha kaka yetu akatoka akakaa kwenye kigoda mbali kidogo na mimi. Nikarudia tena yote. Alinisikiliza akiangalia mikono yake.

“Nilijua ni mgagani,” akasema. “Mama aliuona siku ya kwanza. Akaniambia niutunze ukue, atauchuma. Ndiyo maana nilikuwa namwagilia kule.”

“Sasa mbona hukusema?”

“Ungeniamini?”

Sikujibu. Wewe ungejibu nini?

Baadaye akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu kama anaongelea hali ya hewa, kwamba wiki ile alikwenda stendi mara mbili na begi lake. Alitaka kurudi mjini kwa wale wale aliowaacha. Huko angalau, alisema, hakuna anayejifanya anamwombea. Mara zote mbili alirudi kwa sababu hakuwa amemuaga mama yake.

Nimekaa na neno hilo siku nyingi. Mara mbili na begi. Kama siku moja ya hizo angemuaga, leo ningekuwa naandika kitu kingine, au nisingekuwa na uso wa kuandika. Na ujumbe wangu ulinichukua chini ya dakika moja.

Alinisamehe? Aliniambia, “Nimesikia.” Nililitarajia neno jingine, lakini nimeona si haki yangu kumharakisha. Kuharakisha ndiko kulikonileta pale.

Usiku ule nikaandika kwenye grupu. Niliweka picha ya mgagani wenye maua na vitumba, nikaandika jina lake, nikaandika kwamba mimi, katibu, nilimsingizia mwenzetu, kwamba mmea ni mboga, kwamba yeye hakuupanda wala hana kosa, na kwamba kila aliyeusambaza ujumbe wangu wa kwanza ninamwomba ausambaze na huu kule kule alikoupeleka. Wengi waliweka mikono ya sala na mioyo. Wachache wakanipigia wakasema nimejidhalilisha bure, ningemuomba tu msamaha kimya kimya. Wawili wakakiri kwamba waliupeleka kwenye magrupu ambayo mimi simo, na hawakumbuki yote. Wale vijana watatu wenye majembe walikuja Jumamosi wakapanda upya matuta, nao hawakusema kitu.

Rafiki yangu unayesoma, nakuomba kitu kimoja wiki hii, na usikifanye kwa haraka. Fungua simu yako, urudi nyuma kwenye magrupu yako miezi michache. Tafuta mahali ulipomtaja mtu, kwa jina au kwa kumzungukazunguka kama nilivyofanya mimi. Jiulize ulikuwa umeona nini hasa siku ile: ulikuwa umeona jani, au ulikuwa umeona tunda? Kama palihitajika onyo la kweli, kama kulikuwa na mnanaha na watoto karibu, ulimwendea nani anayejua, kabla hujaandika? Ukikuta deni, unajua sasa pa kuanzia. Nakwambia kwa uzoefu kwamba ile hodi mlangoni ni nzito kuliko kitubio chenyewe.

Na tuombe kidogo pamoja. Ee Yesu, ambaye Maria Magdalena alikudhani mtunza bustani mpaka ulipomwita kwa jina lake, utufundishe kusimama mbele ya mtu kabla ya kumtaja. Uwarudishie majina yao wale tuliowapa majina mengine. Uwashike mkono walio stendi na begi leo usiku. Amina.

Bado sijalipa yote. Juzi sokoni mwanamke mmoja nisiyemfahamu, anauza nyanya, alinitambua kwamba nasali kigango kile, akaniuliza: “Hivi yule kijana wenu wa bangi alifungwa?” Nikaweka kikapu chini, nikamsimulia kuanzia kwenye samadi. Ilichukua muda, foleni ikawa ndefu nyuma yangu. Alipoelewa akasema, “Kumbe mgagani! Mbona hata mimi ninao pale.” Akanionyesha fungu, nikanunua. Niliupika kwa karanga kama bibi alivyosema. Ni mchungu kidogo mwanzoni, halafu unazoea.

Jumapili iliyopita kaka yetu alikuja. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Ngoma sasa inapigwa na mdogo wangu, na anaipiga vibaya jamani, anawahi kila ubeti. Wakati wa sadaka niligeuka kidogo. Nikamwona ameinamisha kichwa, na vidole vyake vinapiga mapigo sahihi juu ya goti, taratibu, bila sauti.